Mteja wa Mtu

Mwanamke wa nne aliposimama mbele ya meza, akamtazama Milka usoni, akaitazama omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, kisha akamtazama Milka tena, Milka alijua tayari ataulizwa nini.

"Debra yuko wapi?"

"Debra amepelekwa Awasi, dada. Lakini omena ni ile ile yake. Imekauka vizuri, shika uone."

Yule mwanamke hakushika. Alisema kwa upole kwamba atapita baadaye, akaenda zake na kikapu chake. Milka alimfuata kwa macho. Pale sokoni Sondu palikuwa na wauzaji wengine sita wa omena, na huyu mama hakusimama kwa hata mmoja wao. Alinunua sukuma wiki, akanunua nyanya, akatoka sokoni.

Milka akakifunika kiroba chake, akaketi kufikiri. Mwezi mmoja sasa alikuwa Sondu, na jambo lilikuwa hilo hilo kila siku ya soko. Wanakuja, wanamwulizia Debra, wanaondoka na mboga.

Yeye mwenyewe alikuwa muuzaji wa Awasi. Miaka kumi na miwili aliuza omena pale, mumewe akiwa hai na hata baada ya kumzika. Sokoni hakuna aliyemwita Milka. Aliitwa Mama Akinyi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Miaka miwili iliyopita kampuni ya Lakora kutoka ng'ambo ilikuja Dunga, ufukweni mwa ziwa, ikawajengea wanawake chanja za vyuma na nyavu, omena ikaushwe juu badala ya kutandazwa mchangani. Kampuni ilitaka kununua omena yote ya chanja hizo na kuiuza yenyewe, kwa meza zake na aproni zake za kijani. Wanawake walisita. Kila mmoja alikuwa na mnunuzi wake wa zamani. Milka ndiye aliyesimama siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa, akasema, "Mimi nimeomba juu ya jambo hili, na moyo wangu umetulia. Twendeni." Wanawake thelathini na wawili wakamfuata. Wakawaacha wanunuzi wao.

Mambo yalikwenda vizuri. Milka akawekwa kwenye meza ya Awasi, Debra akapewa Sondu, kwao, na viroba vilikuwa vikiisha kabla ya jua kutua. Mpaka Juni, kilipofika Kitabu.

Kitabu kilikuja na Usama, meneja wa kampuni hapa Kisumu, kijana wa Kaloleni aliyesomea biashara Nairobi, mwenye adabu na mwenye haraka. Kilikuwa kimeandikiwa nchi zote ambamo Lakora iliuza samaki wa kukausha, na Usama alisema kimefanya maajabu huko kwingine. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya muuzaji anayetabasamu. Ukurasa mwingine ulisema mteja apewe kadi, igongwe muhuri kila anaponunua, na muhuri wa kumi umpe kipimo cha bure. Na ukurasa wa kumi na saba ulisema muuzaji asikae mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu, ili mteja aizoee kampuni, asimzoee mtu.

"Kwa nini asimzoee mtu?" Milka aliuliza siku hiyo.

"Kwa sababu mtu huondoka, Mama. Kampuni hubaki."

Wiki iliyofuata gari la kampuni lilimchukua Milka alfajiri likampeleka Sondu, na Debra akashushwa Awasi. Hakuna aliyeaga mtu.

Julai ilipofika katikati, viroba vilikuwa vimejaa ghalani Dunga mpaka mlangoni. Usama aliwaita Milka na Debra ofisini, chumba kimoja chenye feni mbovu, akawasomea ujumbe kutoka makao makuu. Mwisho wa Agosti, kama meza zao mbili hazitarudi kuuza kama zamani, Lakora itafunga kazi upande huu wa ziwa. Na chanja ni mali ya kampuni. Zitang'olewa.

Debra alikuwa mwanamke wa miaka thelathini asiyeogopa kusema. "Kwa hiyo wale akina mama warudi mchangani? Na wanunuzi wao wa zamani wamekwisha pata watu wengine. Wataenda kupiga magoti?"

"Haitafika huko," alisema Usama. "Shida ni bei. Nimeangalia hesabu, nimeona. Kuanzia Jumatatu tunashusha bei karibu nusu. Nimeagiza bango."

Milka alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na neno, lakini hakuwa bado na ushahidi wake, naye hakupenda kusema jambo nusu nusu mbele ya mtu aliyesoma. Aliposhuka ngazi aliomba kimya kimya, maneno machache: Bwana, nionyeshe, halafu nipe ulimi wa kulisema.

Bango lilikuwa kubwa na jekundu. Siku ya soko Sondu wanawake walilisoma kwa mbali, wakanong'onezana, wakapita upande wa pili wa njia. Saa nne hivi pikapu ilisimama mbele ya meza. Akashuka mzee mnene mchangamfu, jina lake Waswa, anayefuga kuku wa mayai.

"Mama, hii bei ni ya leo tu au ni ya siku zote?"

"Hiyo bei imeandikwa hapo, baba."

"Basi nipe viroba sita. Kuku wangu walikuwa wanakula vumbi la kiwanda. Leo watakula kama maharusi."

Wale wanawake waliokuwa wakinong'ona wakacheka kwa sauti. Mmoja akasema, "Si nilikwambia? Omena ya bei hiyo ni ya kuku." Viroba sita vilipandishwa kwenye pikapu sokoni kote kukitazama, na Milka, aliyejua mikono iliyoianika ile omena, iliyotoa kila jiwe na kila gamba, alihisi uso wake ukiwaka moto. Siku hiyo hata wale wachache waliokuwa wakinunua waliacha. Nani atapika chakula cha kuku ampe mumewe?

Jioni hiyo alimpigia Debra simu.

"Huko Awasi wanasema nini?"

"Wanasema wewe ulikufa," Debra akajibu. "Sikudanganyi, Mama. Mmoja amesema ulikufa, mwingine amesema umeolewa Siaya. Yule Nangila wa hoteli ndiye mbaya zaidi. Kila siku ya soko anakuja, anasimama hapa, ananiangalia kama mwizi aliyevaa nguo zako, halafu anaenda. Wateja wake wanakula maharagwe mwezi mzima."

"Hanunui kwa wengine?"

"Hanunui popote. Anakungoja."

Milka alicheka kidogo. Sasa alikuwa na ushahidi.

Kesho yake alikwenda Dunga, akamkuta Usama ghalani akihesabu viroba kwa macho. Hakuketi.

"Usama, mwanangu, bei si shida. Toa lile bango kabla hatujawa kampuni ya kuku."

"Mama Akinyi, watu hawanunui. Ni nini basi?"

"Mwanamke wa Awasi akija mezani akamkuta Debra, anajua Debra si wake. Yeye ni mteja wa mtu. Ni mteja wangu. Akinunua kwa Debra, kesho akikutana nami njiani ataniangaliaje? Ataona amenisaliti. Na sijamwambia niko wapi, kwa hiyo ananingoja. Mlidhani tumewaacha wateja pale Awasi, wamekaa wakiingoja kampuni. Hakuna kitu kama hicho."

"Lakini omena ni ile ile."

"Anajuaje? Mimi namjua huyu anataka iliyo ndogo kwa sababu ana wazee nyumbani. Yule ana msiba, namjazia mkebe wa gorogoro mpaka unamwagika, siku nyingine atakuja kunisalimu tu hata kama hanunui. Na ikiwa na mchanga, ananirudishia mimi, ananisema mimi. Kwa kadi yako atamsema nani?"

Usama aliacha kuhesabu viroba. Kisha akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyekamatwa.

"Mama yangu, Ayesha, ananunua nyama kwa Yahya tu, pale Kaloleni. Yahya akienda msikitini, mama anakaa kwenye benchi anamngoja. Na bucha ya jirani iko wazi, ninaona nyama nzuri imening'inia. Siku moja nilimwambia, Mama, si nyama ni nyama? Hakunisemesha mpaka jioni."

"Basi unajua."

"Ninajua nyumbani. Ofisini sikujua." Alijifuta jasho. "Lakini si mimi wa kufuta ukurasa wa Kitabu. Valarie anakuja wiki ijayo kutoka makao makuu. Yeye ndiye anayeamua tufunge au tusifunge. Ukimwambia hivi atasema ni hadithi."

"Sitamwambia. Wewe mlete Awasi siku ya soko. Na mimi nitakuwepo, ila si mezani."

Valarie alikuwa Mkenya aliyefanyia kazi Lakora nchi tatu, mwenye nywele fupi na viatu vya kutembelea. Milka alimpenda mara moja kwa sababu hakujifanya anajua. Alikaa pembeni ya Debra nyuma ya meza na daftari pajani. Bango jekundu lilikuwa limeshatolewa na bei imerudi ilivyokuwa. Milka aliketi hatua thelathini kutoka hapo, nyuma ya marundo ya kabichi ya mama mmoja aliyemfahamu, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Umejificha deni?" mama wa kabichi alimwuliza.

"Nimejificha wateja."

"Hiyo sijawahi kuiona."

Kutoka pale Milka aliona kila kitu. Walikuja mmoja mmoja. Walisalimu kwanza, kwa sababu hawakuwa watu wasio na adabu, wakauliza habari, wakachungulia nyuma ya Debra kana kwamba Mama Akinyi angekuwa chini ya meza, kisha wakaenda. Valarie akawa anaandika. Saa tatu ilipogonga, alikuwa ameacha kuandika, akawa anatazama tu. Nangila alikuja, mrefu, aproni ya hoteli yake ikiwa na alama za mafuta, akasimama na mikono kiunoni.

"Wewe bado uko?" akamwambia Debra.

"Bado niko, mama. Omena iko."

"Naiona. Sijasema ni mbaya."

"Basi nunua."

"Nikinunua kwako, na mwenyewe akirudi?"

Nangila alipogeuka kuondoka, Milka akatoka kwenye kabichi, akavuka njia, akasimama mbele yake na kufunua kitambaa.

Nangila alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumsema.

"Mama Akinyi. Kumbe uko hai. Mtu anaondoka bila hata neno, kama ng'ombe aliyekatika kamba. Nimewapa watu maharagwe mpaka wananiita jela. Ulikuwa unaumwa? Umeolewa? Sema basi."

"Nilihamishwa, ndugu yangu. Nisamehe, sikukuaga. Hilo ni kosa langu."

Sauti ya Nangila ilikuwa imesafiri. Wengine waliokuwa wamefika kwenye mboga waligeuka. Haikupita nusu saa, mbele ya meza walikuwa wanawake kumi na tisa, na Milka alikuwa akisemwa na kila mmoja kwa zamu, akipokea yote huku kichwa ameinamisha. Wote walikuwa na vikapu mkononi. Usama alimwangalia Valarie.

Valarie alimvuta Milka pembeni kabla hajashika kipimo.

"Nimeona," alisema. "Sina la kubisha. Lakini nikuulize kitu, Mama, na usikasirike. Hawa si wateja wa Lakora. Ni wako. Ukiugua, ukichoka, ukienda kwa kampuni nyingine, wote wanaondoka nawe. Nikirudi makao makuu niwaambie nini? Kwamba biashara yetu yote hapa inategemea afya ya mama mmoja? Heri tufunge leo."

Lilikuwa swali la haki, na Milka aliliona hivyo. Hakulikimbilia. Alifikiri juu ya wale wanawake thelathini na wawili wa Dunga, ambao saa hiyo walikuwa wakigeuza omena juu ya chanja, na juu ya hawa kumi na tisa aliowapata mmoja baada ya mwingine kwa miaka kumi na miwili. Hakuna kitu kingine alichokuwa nacho duniani ambacho ni chake mwenyewe hivi. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Shamba pia.

"Kanisani kwetu," alisema polepole, "mchungaji huhamishwa. Nanyi mnafanya hivyo, na si vibaya. Lakini mchungaji hatoweki. Anasimama mbele Jumapili ya mwisho, yule mpya yuko kando yake, anamshika mkono, anasema, huyu ndiye. Na sisi tunampokea kwa sababu yule wa kwanza ametuambia. Hata sokoni ni hivyo. Mimi hawa wa kwanza kabisa sikuwatafuta. Mama mkwe wangu alizeeka, akanitembeza kwao mmoja mmoja. Kitabu chenu kimesema muuzaji ahame. Sawa. Kimesahau kusema aage na akabidhi."

"Na wanakubali?"

"Njoo uone."

Debra alikuwa amesikia. Macho yake yalikuwa makubwa. "Mama, unanipa Awasi? Yote?"

"Nisipokupa, chanja zinang'olewa. Funga aproni vizuri, imelegea."

Alimshika mkono wa kulia, wakaanza na Nangila, kwa sababu Milka alijua Nangila akikubali, nusu ya soko imekubali.

"Nangila, huyu ni Debra. Ni binti yangu katika kazi. Kwao ni Sondu. Mikono yake ni safi na hapunguzi kipimo. Mimi nitakuwa Sondu, sijafa wala sijaolewa. Ukinunua kwake umenunua kwangu. Akikukosea, nitafute mimi."

Nangila akamkagua Debra toka kichwani mpaka miguuni, ingawa alikuwa amemwona mwezi mzima.

"Wewe ni wa nani huko Sondu?"

Debra akataja baba yake, akataja babu yake, akataja na kanisa lake.

"Na unajua mimi ninapikia watu arobaini, sitaki omena iliyovunjika vichwa?"

"Nilikuwa sijui. Hukuniambia."

"Ningekuambiaje nawe si wangu? Pima."

Debra akachukua gorogoro, akachota, akajaza mpaka juu, akaongeza mkono mmoja, omena ikapanda kama kichuguu na nyingine ikateleza pembeni. Nangila akaingiza vidole, akasugua chache kwenye kiganja, akanusa, akatafuna moja taratibu, wote wakimngoja.

"Moja tu leo," akasema. "Siku nyingine nitaona."

Kwa kawaida alikuwa akichukua nne. Debra akageuka kumtazama Milka, na Milka akamwashiria kwa kidevu: ongeza. Debra akatupia konzi nyingine kwenye mfuko. Nangila akaona, na alipoondoka alimwambia Debra, "Haya, kastoma." Milka alilisikia neno hilo, ambalo muuzaji na mnunuzi wake huitana, likienda kwa mtu mwingine, likamchoma kidogo upande mmoja, akaliacha lipite.

Wakaenda kwa wa pili na wa tatu. Si wote waliokubali. Bibi mmoja, Saumu, aliyekuwa akinunua tangu enzi ya mama mkwe, alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema amekwisha badilishiwa muuzaji mara moja katika maisha yake na inatosha. Akaaga, akaenda kwa muuzaji wa upande wa pili. Valarie alitaka kumfuata.

"Mwache," Milka akasema. "Ana haki yake."

Lakini kumi na watano walichukua, wengine kipimo kimoja, wengine viwili, na mchana kiroba cha tatu kilifunguliwa. Usama mwenyewe alivua koti akawa anabeba.

Valarie alikuja na Kitabu, kimekunjwa ukurasa wa kumi na saba, na kalamu.

"Niambie niandike nini. Kwa maneno yako. Hiki nitakipeleka juu, na chanja hazing'olewi, hilo nakuahidi mbele ya Usama. Kama itafanya kazi Sondu pia, nitakipeleka na nchi nyingine."

"Huko kwingine sijui watu wao," Milka akasema. "Waulize wenyewe. Hapa andika: muuzaji akihama, apewe siku nne za soko za kuaga. Awe na anayempokea. Wasalimu kwanza, wasiuze kwanza. Na hiyo kadi, kama muhuri umeshatengenezwa mbaki nayo, watoto watachezea."

Usama akacheka mpaka akaketi juu ya kiroba. Valarie aliandika yote, hata ile ya watoto, na alipomaliza akauliza ikiwa siku nne zinatosha.

"Kwa Nangila hazitoshi," alisema Debra. "Kwa Nangila andika mwaka."

Aproni ya Milka ilikuwa bado imekunjwa kikapuni mwake. Mezani kulikuwa na mwanamke mwingine amesimama, kikapu mkononi, akimtazama yeye na si Debra. Milka akampungia mkono, akamwonyesha Debra, akabaki pale alipo mpaka alipoona gorogoro imechotwa.

"Kesho kutwa ni soko la Sondu," akamwambia Debra bila kugeuka. "Wewe ndiye utakayenishika mkono."

"Wale wa kwetu ni wakali kuliko hawa, Mama. Watakuuliza mpaka jina la nyanya yako."

"Wataniuliza, nitawajibu," Milka akasema, akachukua kikapu chake akaenda kumlipa mama wa kabichi kabichi mbili, kwa sababu alikuwa amemkalia biashara asubuhi nzima.